Ulinzi wa Gmail: namba kwa meseji, programu au ufunguo wa siri?

Mpemba_Chake: Habari zenu wakuu. Gmail moja siku hizi imebeba kila kitu: picha, namba za watu, na ndiyo inayorudisha nenosiri la akaunti nyingine zote. Kwa hatua ya pili ya kuingia, Google inakubali namba kwa meseji, namba za programu kama Google Authenticator, au ufunguo wa siri (passkey, unaokaa kwenye simu na kukuingiza bila kuandika namba). Ipi inamfaa mwenye simu moja ya Android anayebadilisha simu mara kwa mara?

fundi_laini: Meseji ni afadhali kuliko kukaa bila kitu, ila ulinzi wako unakuwa mikononi mwa anayesajili laini. Tapeli akiihamishia namba yako kwenye kadi nyingine, meseji zote zinaenda kwake. Dalili yake ni mtandao kukatika ghafla huku wenzako wa mtandao huohuo wanapiga simu kama kawaida. Usingoje kesho: azima simu, piga huduma kwa wateja, fungisha laini. Kwa Kenya, wenye Safaricom wapige *100*100# kuzuia laini isibadilishwe kiholela. Kwa Tanzania, *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Nyali_Dada: Ongeza PIN ya laini. Hata skrini ikiwa na kufuli, mwizi anachomoa tu laini, anaitia kwenye simu yake na kupokea namba zako. Unaiwasha kwenye mipangilio ya usalama, sehemu ya kufunga SIM. Usibahatishe PIN ya mwanzo: ukikosea mara 3 inadai PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga), na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa. PUK imeandikwa kwenye kadi ya plastiki uliyobandulia laini, kwa hiyo itunze.

kipanga_tz: Mimi napendelea programu. Inatoa tarakimu 6 kila sekunde 30, bila bando wala mtandao, na laini ikiibiwa haiguswi. Namba zikikataliwa, angalia saa ya simu kwanza: hesabu yake inategemea muda, kwa hiyo saa ikiwa mbele au nyuma kwa dakika chache hazikubaliki. Iweke ijirekebishe yenyewe.

fundi_laini: @kipanga_tz sawa, lakini ukurasa bandia bado unakunasa. Unaandika nenosiri na zile tarakimu 6, tapeli anaziingiza Google palepale kabla sekunde 30 hazijaisha. Ufunguo wa siri umefungamana na anwani halisi ya Google, hivyo kwenye ukurasa bandia haufanyi kazi hata wewe ukidanganyika. Kwa hili hauna mpinzani. Angalizo: unafunguka kwa kufuli la simu, kwa hiyo kila anayejua PIN yako, au mwenye kidole kilichosajiliwa humo, anaingia.

Mpemba_Chake: Na simu ikipotea na ufunguo humohumo?

Nyali_Dada: Ndiyo maana usiuwashe kabla hujachukua namba mbadala, zile za kuingilia ukiwa huna simu. Ziko kwenye akaunti ya Google, sehemu ya usalama, ndani ya uthibitishaji wa hatua mbili: 10, kila moja tarakimu 8, na kila moja inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, weka pamoja na cheti cha kuzaliwa. Usizipige picha ya skrini, maana picha itapanda Google Photos ya akaunti ileile uliyofungiwa nje. Ukitengeneza mpya, za zamani zinakufa, kwa hiyo chana ile karatasi.

kipanga_tz: Baada ya hapo ondoa namba ya simu kwenye orodha ya hatua ya pili. Wengi wanaiacha, na tapeli anabonyeza "jaribu njia nyingine" akachagua meseji.

Mpemba_Chake: Nimewaelewa. Na kuhama simu?

kipanga_tz: Hamisha akaunti za Authenticator kwanza kwa kuskani msimbo wa QR kutoka simu ya zamani. Ingia Gmail kwenye simu mpya, tengeneza ufunguo mpya, toka, jaribu kuingia tena. Ukikubaliwa, ondoa simu ya zamani kwenye orodha ya vifaa, halafu ndipo uifute. Usimkabidhi mnunuzi kabla ya hapo.

Nyali_Dada: WhatsApp nayo inategemea laini. Weka PIN ya tarakimu 6 kwenye uthibitishaji wa hatua mbili na uongeze baruapepe. Bila baruapepe, ukiisahau PIN unasubiri siku 7.