Mimba ya kubakwa, sheria ya Bongo inasemaje kwa kweli?

Mama_Wawili:
Habarini wanajukwaa, naomba wenye uelewa wa sheria. Binti wa jirani yangu, mtu mzima wa miaka 22, alibakwa na mimba sasa ina kama miezi miwili, hali chakula na juzi wamemkuta na sumu ya panya chumbani. Zahanati wamemjibu sheria hairuhusu, ukitoa unafungwa, basi. Mama yake ni mtu wa kanisa anasema mtoto hana kosa. Ni kweli hana, ila huyu binti naye kosa lake nini jamani? Sheria yetu haina hata upenyo?

wakili_wa_mkoani:
Pole sana dada. Upenyo upo ila mdogo mno. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150 mpaka 152, anayemtoa mtu mimba miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, anayempa dawa au vifaa miaka 3. Halafu kuna 230 inayomkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Kubakwa hakumo. Ila hivi vifungu ni vya mkoloni, na hukohuko London mwaka 1938 daktari Aleck Bourne alishtakiwa kwa kumtoa mimba binti aliyebakwa na askari, akaachiwa, jaji akasema daktari halazimiki kusubiri mpaka mama awe anakata roho, na akili ya mtu ikiharibika kabisa nayo inahesabika. Itifaki ya Maputo, yaani mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, tumeridhia 2007, nayo inataja ubakaji waziwazi kama sababu ya kuruhusu kutoa mimba, ila kwenye Kanuni ya Adhabu hamna kilichobadilika, kwa hiyo daktari wa wilayani anaogopa na mimi simlaumu.

Abuu_Swabri:
Mimi napinga kutoa, niseme ukweli, uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu. Lakini tusiwatishe watu kwa dini nusunusu. Wanazuoni wetu wanazungumzia siku 120 za kupuliziwa roho, wapo wanaokataza hata kabla ya hapo na wapo wanaoruhusu kwa dharura, na maisha ya mama yakiwa hatarini hata wakali wanalegeza. Binti aliyeshika sumu huyo ni mgonjwa, atibiwe kwanza.

nesi_zamu_ya_usiku:
Asante Abuu. Dada, sumu ya panya ndo dharura yenyewe, msisubiri, asiachwe peke yake hata chooni, mpelekeni hospitali ya mkoa mwombe daktari wa afya ya akili amuone na aandike anachokiona, hiyo karatasi ndo madaktari wenzake wataisoma wakikaa kuamua. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mchukue dawati la jinsia polisi kama bado. Na nakuomba asiende kwa mtoa mimba wa mtaani. Wanatufikia saa nane usiku khanga imelowa damu, homa inawaka, ukimuuliza anasema nimeteleza bafuni, anaogopa polisi kuliko kufa. Akishatoka damu tunamsafisha na kumtibu bila kujali imetokaje, hiyo huduma serikali yenyewe imeiweka, ila wengi hawajui wanachelewa tunawapoteza.

Wanjiku254:
Huku Kenya Katiba ya 2010, 26(4), inaruhusu kama mtaalamu wa afya anaona maisha ama afya ya mama iko hatarini, na 2019 Mahakama Kuu ikasema aliyebakwa pia anaingia hapo, afya ya akili ikihesabiwa. Kesi ilikuwa ya msichana aliyeenda kutolewa kichinichini akaumia figo, akafa 2018 kabla hukumu itoke. Hata hivyo adhabu za zamani bado ziko kwa vitabu na maafisa bado wanakamata watu. Rwanda wao kubakwa waliandika kwa sheria waziwazi tangu 2012, na 2018 wakaondoa sharti la kupata amri ya korti kwanza, daktari anajua pa kusimama.

Mama_Wawili:
Mungu awabariki. Nimemsomea mama yake maneno ya nesi, amelia sana. Msimamo wake kuhusu mimba uko palepale, ila kesho alfajiri tunaenda naye hospitali ya mkoa, na leo usiku binti analala kwangu.