Riwaya ya akina Leary katika kikundi cha familia

Salma: Shikamooni wazee wangu. Nimeimaliza We Are Not Ourselves ya Matthew Thomas, riwaya ya mwaka 2014 ambayo Baba Mdogo aliiachia njiani. Imezidi kurasa 600, lakini ningemwomba airudie.

Baba Mdogo: Marahaba, mwanangu. Kilichonishinda ni tamaa ya Eileen Leary, mhusika mkuu. Mumewe Ed ni mwanasayansi wa ubongo aliyeridhika kufundisha chuo cha Bronx, hata akakataa kazi ya kampuni kubwa ya dawa, na mke hachoki kudai wahame Queens, mtaa wa jiji la New York, waende kitongoji cha Bronxville kwa wenye uwezo.

Shangazi: Hapo unamwonea. Ed anapoanza kujilaza na hedifoni akisikiliza santuri zake, kisha anahangaika usiku kucha na alama za wanafunzi, ana miaka hamsini na kidogo tu. Eileen ni muuguzi, na bado anadhani ni ukaidi wa mwanamume wa makamo, kwa hiyo anaendelea na mipango ya nyumba.

Salma: Nasi wasomaji tunadhani hivyohivyo, Shangazi, kwa kuwa jina la maradhi linacheleweshwa mno. Mimi nilimkasirikia Ed kwa sura nyingi, na daktari alipotamka Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, nililazimika kurudi nyuma kuzisoma upya zile hasira zake.

Idi: Shikamooni. Kitabibu, Alzheimer ya mapema ni ile inayoanza kabla ya miaka 65. Mgonjwa Auguste Deter, aliyelazwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901 na kuchunguzwa na Alois Alzheimer mwenyewe, daktari ambaye ugonjwa huu una jina lake, alikuwa na miaka 51. Mtu wa umri huo bado ana kazi, mkopo na mtoto shuleni, ndiyo maana Ed anang'ang'ania kufundisha ilhali hawezi tena.

Baba Mdogo: Na yule kijana wao, Connell, atarithi?

Idi: Si lazima. Wengi wa wanaougua mapema hawana jeni inayosababisha ugonjwa moja kwa moja. Zipo familia chache zenye kasoro katika jeni ya APP, PSEN1 au PSEN2, na humo kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi kasoro hiyo.

Shangazi: Connell ameniudhi kuliko wote, baba anadhoofika, naye anatafuta sababu za kuwa mbali na nyumbani.

Salma: Mwandishi hakumpamba, ingawa babake mwenyewe aliugua maradhi hayohayo. Aliiandika riwaya hii kwa takriban miaka kumi, huku akifundisha sekondari.

Baba Mdogo: Haya, niletee Jumapili. Nitaanzia pale penye hedifoni.

Shangazi: Anzia mwanzo, mdogo wangu. Usipousoma ulevi wa wazazi wa Eileen, wahamiaji wale kutoka Ayalandi, na jinsi alivyomhudumia mama yake tangu utotoni, hutaelewa kwa nini anakazania ile nyumba ya Bronxville wakati mume anampotea mbele ya macho.