Nimeitwa kupiga besi kwenye bendi ya rock inayozunguka, wazoefu nipeni ukweli wa hayo maisha

NyuziNne:
Wakuu habari zenu. Mimi napiga gita la besi, nimekuwa nikipiga na washkaji wikendi tu, sasa kuna bendi ya rock imeniita kwa sababu mpiga besi wao ameondoka. Sio wakubwa kihivyo ila shoo wanazo za uhakika, wanatoka mji mmoja kwenda mwingine na gari lao, mara nyingine siku tatu mfululizo kila usiku ukumbi tofauti. Muziki wao naupenda kutoka moyoni na mpiga drams wao ni moto wa kuotea mbali.

Kinachonisumbua ni hivi, kila nikiuliza maisha ya ziara yakoje napewa stori za mashabiki na kukesha, hakuna anayeniambia kazi yenyewe ikoje kuanzia asubuhi mpaka usiku. Halafu nyimbo ni nyingi za kushika kwa muda mfupi, nianzie wapi? Vifaa nilivyonavyo ni besi ya nyuzi nne na ampu (kikuza sauti) ndogo ya chumbani, je nikope ninunue ampu kubwa kabla sijaingia? Na la mwisho nisiwafiche, mwenzangu nyumbani ameniuliza utatuachia wikendi zote kwa ajili ya kitu ambacho watu hata hawakisikii? Nikakosa jibu. Naomba wale waliopita huko wanisaidie.

MguuWaNgoma:
Mimi ni mpiga drams so nianze na hilo la mwisho maana limenigusa. Anayesema besi haisikiki muweke mbele ya jukwaa halafu besi inyamaze ghafla katikati ya kiitikio, hatajua ni nini kimetoka ila atageuka kuangalia kimetokea nini. Wimbo unabaki makelele matupu. Na besi ndiyo inayoamua kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) isikike vipi, mpiga gita akishika C ya kawaida na wewe ukashuka kwenye A, wimbo wote unageuka wa huzuni na yeye hajasogeza hata kidole. Hayo ni mamlaka makubwa mkuu, mwambie shemeji.

Sasa la kazi. Watu wanadhani kushikana na drams maana yake kila nikipiga kiki (ngoma kubwa ya mguuni) na wewe upige noti, hapana. Mimi ninachosikiliza kwa mpiga besi ni noti inaishia wapi. Ukiiachia noti ikapita juu ya snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) biti inakuwa nzito inaburuta, ukiikata sekunde ile ile snea inapolia biti inapumua na watu wanaanza kutikisa vichwa bila kujua kwa nini, noti ni zile zile, kilichobadilika ni mahali pa kunyamaza tu. Kwa hiyo kabla hujafanya mazoezi na bendi nzima omba mkae wewe na huyo mpiga drams peke yenu, bila gita bila mwimbaji, mpitie nyimbo zote. Na mkubaliane nani anashikilia kasi maana jukwaani damu ikichemka sisi wa drams ndio wa kwanza kukimbia, tukiwa na mpiga besi asiyeyumba tunarudi wenyewe kwenye mstari.

BesiYaJana:
Karibu sana mdogo wangu. Nimekula barabara miaka mingi na besi mgongoni, nakujibu ulivyouliza.

Siku ya ziara sehemu kubwa ni kubeba na kusubiri. Mnapakia, mnasafiri, mnashusha, mnafunga vyombo, mnasubiri saundi cheki, mnapiga nyimbo mbili tatu za kujaribu, mnasubiri tena masaa, halafu mnapiga kwa muda wa saa moja hivi, kisha mnafungua vyombo, mnapakia, mnaondoka. Hiyo saa moja ndiyo mnayoifuata. Mtu asiyeweza kusubiri bila kununa anaivunja bendi haraka kuliko mtu anayekosea noti, na hili nalisema kwa uzito wote.

Upakiaji una adabu yake. Vitu vizito, maspika na ampu, vinakaa chini kabisa na vinabanwa, haviwekwi juu nyuma ya vichwa vya watu maana gari likifunga breki kali vinaruka mbele. Besi inaingia mwisho na inatoka kwanza, haikai chini ya kitu chochote, na usiiache kwenye gari lililofungwa juani, shingo inapinda na ukifika ukumbini nyuzi zote zimehama. Na dereva! Dereva asiwe mtu aliyetoka jukwaani hajalala. Cliff Burton, mpiga besi wa bendi ya Metallica, alifariki Septemba 1986 huko Sweden basi lao la ziara lilipopinduka alfajiri wenyewe wakiwa wamelala, na alikuwa bado kijana kabisa, miaka 24. Kabla hujakubali uliza nani anaendesha usiku na wanapokezana vipi. Wakikwambia "tunajikazaga tu" simama hapo hapo mlimalize.

Nyimbo nyingi kwa muda mfupi: anza na mianzo na miisho. Katikati ukipotea unaweza kukaa kwenye noti ya msingi ya kodi mpaka ujipate na watu wasijue, ila wimbo ukiisha wenzako wamesimama na wewe unaendelea, ukumbi mzima unajua. Chukua karatasi moja kwa wimbo mmoja, andika ufunguo (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), nani anaanza, mizunguko mingapi, wapi panasimama, unaishaje, basi. Na usijifunzie rekodi za studio peke yake, waombe rekodi za shoo zao za karibuni hata za simu, maana jukwaani bendi nyingi hubadilisha kasi, hurefusha mwisho, na nyingine hulegeza nyuzi za gita zote zishuke nusu hatua, yaani noti moja ya jirani, ili mwimbaji apumue. Ukifika na tyuni ya kawaida kumbe wenzako wako nusu chini utakuwa unahamisha kila kitu kichwani usiku huo huo.

Pesa ongeeni kabla, na muandike. Mafuta ya gari na malazi yanatolewa kabla ya kugawana au kila mtu na wake? Gari likiharibika nani anatengeneza? Wewe ni mwanachama unayegawana sawa au unalipwa kwa shoo? Na mkitunga wimbo pamoja jina lako linaingia? Hapa wapiga besi wengi hupunjwa maana mara nyingi anayehesabiwa mtunzi ni mwenye mashairi na sauti ya kuimba, laini ya besi inaonekana ni mapambo hata kama ndiyo watu wanayoimba wakitoka ukumbini.

fundi_mitambo:
Naingia kwa hilo la ampu maana mimi nakaa nyuma ya mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) na kila wiki naliona. USIKOPE.

Zamani ilikuwa lazima, mitambo ya ukumbi ilikuwa inabeba sauti ya kuimba tu na besi ijitegemee, ndio maana mwaka 1969 ikatoka ile Ampeg SVT ya wati 300, ya valvu, kichwa chake peke yake, yaani ampu bila spika, kilo zaidi ya 30, bado spika zake. Siku hizi ukumbi wenye mitambo ya maana besi yako inapita kwenye DI boksi (kiboksi cha kuunganisha besi na mikisa) inakuja moja kwa moja kwangu, mimi ndiye ninayeipeleka kwa watu. Ampu ya jukwaani ni ya kukusaidia wewe na mpiga drams kujisikia. Kwa hiyo nunua DI nzuri, tyuna ya mguuni, waya mbili nzuri, na mkanda mpana wenye vifungo visivyochomoka. Ampu tumia ya bendi au ya ukumbi, baadaye ukitaka yako zipo nyepesi sasa za kilo chache unabeba mkono mmoja.

Jambo la pili, uzi wako wa chini kabisa, ile E, unatetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ukisimama mguuni pa spika sauti inakupita miguuni na unajisikia kwa shida, unaongeza, unaongeza tena, kumbe huku chini ukumbi unanguruma na maneno ya mwimbaji hayasikiki. Spika ipandishe juu ya boksi au iinamishe ikuangalie masikioni, maana mashavu ya miguu hayana masikio ya kukusikia. Kisha punguza besi na uongeze katikati, hapo kwenye Hz 700 au 800, utajisikia vizuri bila kuongeza sauti. Ukiwa peke yako chumbani huo mlio unasikika mbaya, una pua, ila ndani ya bendi ndio unaopenya kati ya gita mbili na simbali (visahani vya drams).

Madogo madogo yanayoharibu shoo: besi yako kama inatumia betri ile ya volti 9 chomoa jeki (ncha ya waya inayoingia kwenye besi) kila ukimaliza, jeki ikibaki ndani betri inaliwa usiku kucha. Waya wa gita usiunganishe ampu na spika, kuna waya wake. Na spika mbili za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, soma nyuma ya ampu kama inaruhusu, ukishuka chini ya kiwango unaiua ampu ya watu.

Niliyetua_Mizigo:
Mimi niliacha na siwezi kukudanganya. Kupiga nilikuwa napenda mpaka siku ya mwisho, kilichonishinda ni kurudi nyumbani kila mtu anaendelea na mambo ambayo mimi siyajui. Kama una watoto wadogo fikiria mara mbili. Sio kwamba usiende, ila kaa na mwenzako mbele ya kalenda, mtaje tarehe ambazo haziguswi na shoo yoyote hata ije nono namna gani, na bendi uwaambie tarehe hizo kabla hujaingia. Wakikubali wanakuheshimu, wakikataa umeshajua.

DadaBesi:
Mmemwambia yote mkasahau mwili wake jamani.

Masikio kwanza. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulika na usalama kazini, kiwango chao ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Piga hesabu, kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15, na jukwaani kwenye rock pembeni ya simbali 100 inapitwa kirahisi tu. Pete Townshend, mpiga gita wa bendi ya The Who, ameongea hadharani miaka na miaka kuhusu masikio yake yalivyoharibika. Vaa viziba masikio vya wanamuziki, vile vyenye kichujio vinavyoshusha sauti yote kwa usawa, sio pamba, pamba haikingi vya kutosha. Vaa kuanzia mazoezini ili ubongo uzoee, usivijaribu kwa mara ya kwanza siku ya shoo. Ukitoka unasikia mlio wa wiii masikioni ujue umezidisha.

Mkono wa kushoto sasa. Besi ya kawaida uzi wake una inchi 34 kutoka daraja (unapoanzia tumboni mwa besi) mpaka nati (unapoishia juu ya shingo), mwendo mrefu huo, na ukiining'iniza magotini kama kwenye mapicha kiwiko kinanyooka na kifundo kinakunjika, baada ya shoo kadhaa mfululizo utaanza kusikia ganzi kwenye vidole. Kaa kwenye kiti na besi, angalia imekaa usawa gani, kisha simama ukaze mkanda mpaka ibaki hapo hapo. Pasha vidole moto kabla ya kupanda, polepole, dakika kumi tu. Ganzi ikija na isipoondoka nenda kwa daktari mapema.

Na kuhusu mwenzako anayeuliza kama besi inasikika, James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, ambazo dunia nzima imezicheza miaka ya 1960, na jina lake halikuandikwa kwenye kasha la santuri ya Motown mpaka 1971. Carol Kaye naye miaka hiyo hiyo alikuwa akipiga besi studio za Los Angeles. Wanaosema hawasikii besi wamewasikiliza hao wawili maisha yao yote. Kusikika unasikika, kujulikana ndio jambo jingine, na hilo jiulize mwenyewe kama unaweza kuishi nalo.

NyuziNne:
Wakuu nashukuru mno, nimesoma mara mbili mbili. Nimewauliza la dereva, wanapokezana wawili na aliyeendesha usiku hapigi simu wala kubeba kitu mchana analala, nimefurahi. Shoo zao kumbe wako nusu chini kweli! Sasa wameniongezea, wanataka niimbe sauti ya pili kwenye viitikio, na mimi kupiga huku naimba vidole vinafuata mdomo. Hapo mnafanyaje?

BesiYaJana:
Hiyo kwa besi ni ngumu kuliko kwa gita la ridhim kwa sababu besi mara nyingi inakwenda kinyume na maneno. Phil Lynott wa bendi ya Thin Lizzy na Geddy Lee wa Rush walifanya kazi hiyo wakiwa waimbaji wakuu kabisa, inawezekana. Njia niliyoiona inafanya kazi: laini ya besi irudie mpaka uweze kuongea na mtu stori nyingine kabisa huku unapiga. Hapo ndipo uyaseme maneno bila kuimba, polepole sana, nusu ya kasi, uangalie silabi ipi inaangukia na noti ipi na ipi inaanguka katikati. Weka alama kwenye ile karatasi yako. Ikikaa ndio uweke sauti, kasi mwisho. Na pale panapogoma kabisa punguza noti za besi kwenye kiitikio, piga zile za msingi tu, hakuna atakayekulaumu.

MguuWaNgoma:
Apunguze noti ila asisogeze ile ya kwanza ya kila baa (kila mzunguko mdogo wa mapigo), hiyo tunaitegemea.

fundi_mitambo:
Na maiki ije mdomoni kwako, usiifuate wewe. Mwambie fundi wa ukumbi stendi ya boriti, ile yenye mkono wa kulala pembeni, maiki itokee upande wa kulia ili shingo ya besi isiigonge ukigeuka kumtazama mpiga drams. Mwambie wakati wa saundi cheki, sio wimbo wa kwanza umeshaanza.