Mjadala: Bila cheti cha chuo cha Biblia, mtu apande madhabahuni au asipande?

Mjumbe_wa_Kamati: Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu linapitia upya katiba na kuna kipengele kimetugawa vibaya. Kinasema asihubiri mtu ibada ya Jumapili kama hana angalau cheti cha miaka miwili cha chuo cha Biblia. Wazee wanasema wamechoka na mafundisho ya ovyo, vijana wanasema mnaziba karama. Kinachonisumbua mimi ni hiki: vijana haohao tunawapa semina ya siku mbili tunawatuma umisheni, wakawahubirie watu ambao hawajawahi hata kufungua Biblia. Yaani kule wanatosha, hapa kwetu hawatoshi? Leteni hoja, jazba acheni nyumbani.

Moto_wa_Madhabahu: Matendo 4:13, Petro na Yohana "watu wasio na elimu, wasio na maarifa". Kesi imeisha, fungeni kikao. Andiko huua bali roho huhuisha. Hao wa digrii ndio wamekausha makanisa, mtu anahubiri kama anasoma bajeti. Wa kwetu ana digrii mbili na bado anasoma mahubiri kwenye simu neno kwa neno, macho hayainuki kabisa.

Binti_Sayuni: Kaka Moto hapo kwa Petro umeruka. Miaka mitatu anakula, analala na kutembea na Yesu mwenyewe, anaulizwa maswali, anakemewa, anatumwa na kurudi kutoa ripoti, hicho sio chuo? Paulo naye aliketi miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa torati, na Efeso alifundisha kila siku kwenye darasa la Tirano miaka miwili. Halafu hiyo "andiko huua" ya 2 Wakorintho 3 inaongelea agano la torati na agano jipya, haijasema lolote kuhusu daftari. Ndio maana wazee wanataka cheti, mstari unachomolewa unarushwa hewani na watu wanaitikia amina.

Moto_wa_Madhabahu: Dada umesoma sawa, hongera. Lakini hujasema chochote kuhusu simu.

Shemasi_Mstaafu: Nyie vijana historia hamjui. Moody, yule mhubiri, alikuwa fundi viatu tu, hajasoma, akaenda India akaibadilisha. Mungu haangalii vyeti.

Karani_wa_Bwana: Mzee shikamoo, hapo umewachanganya watu wawili. Moody aliuza viatu, Marekani, na ni kweli hakuwahi kuwekewa mikono kuwa mchungaji. Fundi viatu ni William Carey, ndiye aliyeenda India 1793. Na huyo Carey alijifundisha Kilatini, Kigiriki na Kiebrania akiwa palepale kwenye kazi yake ya viatu. Sasa angalia walichofanya baadaye: Carey na wenzake wakaanzisha chuo Serampore, hukohuko India, 1818, Moody akaanzisha taasisi ya Biblia Chicago 1886. Spurgeon, mhubiri wa Uingereza, hakupita chuo cha theolojia, aliitwa kanisa la London akiwa na miaka 19, na 1856 akaanzisha chuo cha wachungaji. Watu mnaowatumia kupinga vyuo ndio waliovijenga!!

Shemasi_Mstaafu: Marahaba. Viatu ni viatu.

Kwaya_Safu_ya_Nyuma: 😂😂 Mzee amemaliza. Ila Moto amenigusa kwenye simu. Kwetu alikuja mgeni, mtu wa chuo, anasoma kwenye simu na kila baada ya sentensi mbili anaigusa isizime. Katikati ikajifunga, akabaki anabonyeza namba ya siri huku anasema "haleluya, mwambie jirani yako haleluya". Tuliambiana haleluya mpaka tukajuana. Ilipofunguka akaendelea "nakumbuka siku nilipompeleka binti yangu chuo kikuu, nikalia kwenye gari", na huyo mtu tunamjua vizuri, ana watoto watatu wote wa kiume na mkubwa yuko la nne. Mke wake yuko mbele pale ameinamisha kichwa anatafuta kitu kwenye pochi.

Moto_wa_Madhabahu: NILISEMA MIMI. Huo ni wizi, madhabahuni kabisa.

Mchungaji_Kijijini: Naomba niseme, mimi ni mchungaji na huwa nasoma kwenye simu. Nahubiri Jumapili, Jumatano ni mafundisho, Ijumaa mkesha, kuna misiba na ndoa zinazovunjika usiku wa manane, na sina mshahara. Mnajua kuandaa hubiri moja vizuri ni masaa mangapi? Nikipata la mtu mwingine limeandaliwa vizuri nikalihubiri, nimemwibia nani? Injili ina hakimiliki? Mnaotucheka mmekaa safu ya nyuma na simu zenu mnachati.

Kwaya_Safu_ya_Nyuma: Mchungaji samahani sijakusema wewe. Ila hiyo ya safu ya nyuma umenilenga mimi na jina langu.

Binti_Sayuni: Mchungaji pole kwa mzigo, nasema kwa heshima, shida haiko kwenye kusoma. Shida ni "binti yangu". Ukimtaja mwenye hubiri mwanzoni nani atakulaumu?

Mchungaji_Kijijini: Nikimtaja wanasema mchungaji wetu hana upako anakopa. Nisipomtaja mnasema mwizi. Njooni mkae hapa juu wiki moja tu.

Karani_wa_Bwana: Na kusoma mahubiri ya mtu mwingine hakujaanza na simu. Kanisa la Uingereza mwaka 1547 lilitoa kitabu cha mahubiri 12 yaliyoandikwa tayari ili yasomwe makanisani, kwa sababu mapadri wengi hawakuweza kuhubiri. Sheria kabisa. Hakuna aliyejifanya ni yake, watu walijua kinasomwa kitabu. Na mahubiri ya Spurgeon yalichapishwa na kuuzwa kila wiki, mnadhani wahubiri hawakuwa wanayanunua?

Moto_wa_Madhabahu: Ndio maana makanisa ya huko leo ni kumbi za makumbusho.

Karani_wa_Bwana: Kwa sababu ya kitabu cha 1547?? Ndugu yangu 😂

Moto_wa_Madhabahu: Ukianza kusoma badala ya kuomba, mwisho wake ndio huo. Wewe utakuwa mtu wa chuo, unaonekana tu.

Karani_wa_Bwana: Sijakanyaga chuo, nilisoma theolojia kwa enezi, yaani masomo ndiyo yanakufuata ulipo. Mkufunzi anakuja, mnakaa kikundi na vitabu, wiki nzima kila mtu yuko kazini kwake na kanisani kwake anatumika. Mtindo huo walianza Guatemala mwaka 1963, waliona anayetoka kijijini kwenda seminari mara nyingi harudi kijijini. Mjumbe, hiki kitu kamati yenu imekifikiria, au cheti kwenu ni lazima mtu afungashe godoro aondoke?

Mjumbe_wa_Kamati: Asante, huu ndio mchango wa kwanza niliouelewa leo. Kipengele hakisemi, kinasema tu "chuo kinachotambulika". Kutambulika na nani, hata wazee hawajui. Rwanda mwaka 2018 serikali yenyewe iliweka kwenye sheria kwamba wasimamizi wa makanisa wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo ya dini, wakapewa miaka 5. Mzee mmoja kwenye kamati anasema bora tujipange wenyewe kabla hatujapangwa. Lakini swali langu la vijana wa umisheni hakuna aliyeligusa.

Shemasi_Mstaafu: Serikali isituingilie.

Mjumbe_wa_Kamati: Mzee, hakuna serikali hapa, ni kamati yetu.

Dada_wa_Sunday_School: Nami niseme kidogo. Mimi nafundisha watoto miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniuliza cheti. Watoto wanashika kila neno kuliko watu wazima, nikiwafundisha upotofu wanakua nao. Mnagombania Jumapili saa nne kwa sababu ndiyo yenye maiki na viti vya mbele. Apolo alikuwa hodari wa maandiko, ila Priskila na Akila walipoona pamepungua wakamchukua kwao wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi. Hawakumnyang'anya maiki. Nani hapa ameshamkaribisha kijana nyumbani baada ya hubiri bovu akamrekebisha? Au mnamsubiri kikaoni?

Moto_wa_Madhabahu: Dada hapo nimekusikia. Ila Priskila hakumsomea Apolo kwenye simu.

Mchungaji_Kijijini: Bado tu uko kwenye simu?? Ndugu yangu wewe hubiri lako la mwisho umehubiri wapi na ulitumia nini, tuanzie hapo.

Moto_wa_Madhabahu: Mimi sio mhubiri, mimi ni mwombaji.

Kwaya_Safu_ya_Nyuma: Kumbeee 😂😂😂

Mchungaji_Kijijini: Nilijua. Wanaojua kuhubiri kuliko wote huwa hawajawahi kupewa hata dakika tano za matangazo.

Mjumbe_wa_Kamati: Kura ni Jumamosi. Narudia: vijana wanaondoka mwezi ujao kwenda umisheni, wana semina ya siku mbili mfukoni. Tuwazuie nao mpaka wapate cheti, au tufute kipengele?

Shemasi_Mstaafu: Waende. Ila wasibebe simu.