Tupeane uzoefu: kontakti (pale pa kuzungusha ufunguo) ya gari ya zamani ilikuachia wapi?

Baba Watatu, Katindo
Ndugu zangu, leo asubuhi hapa Goma Noah imenikatalia mbele ya masomo ya watoto. Nazungusha ufunguo, tablo (dashibodi) inawaka muzuri, nikifika pa kuwasha ni kimya, hata tik haisikike. Nikarudilia kama mara kumi, ghafla ikawaka sawa vile hakuna kitu kilipita. Ni wiki mbili sasa. Fundi wa kwanza alisema batri, nikanunua batri. Wa pili akasema demareri (mota ya kuwasha injini), akaitoa, akaisafisha, akalipwa, na shida iko palepale. Mimi nawaza ni kontakti. Wenye mulipitia hii museme ilianza namna gani na mulitengeneza namna gani.

Shofa Ndosho
Kontakti hiyo. Yangu ilikuwa vilevile kabisa.

Mama Mapacha, Himbi
Umenikumbusha. Ya kwangu ilikuwa inazimika njiani. Naingia mu shimo, tablo yote giza, redio kimya, halafu inarudi. Nilikuwa na fungu kubwa la funguo, za nyumba, za duka, za makadena, na kila gari ikiruka fungu linavuta chini. Siku nilibakisha ufunguo wa gari peke yake shida ikapungua, nikapata muda wa kutafuta pesa ya piesi.

Kijana Birere
Mama, funguo haziwezi kuzima gari. Hiyo ni hadithi.

Fundi Mabanga
Kijana, usimukatalie mama. Marekani mwaka 2014 General Motors waliita magari kama milioni 2.6 yarudi kutengenezwa juu ya kontakti tu, ilikuwa inateleza toka ON (pa injini kutembea) inarudi ACC (pa redio tu), injini inazima mu barabara na mifuko ya hewa haifunguke. Vifo 124 vililipiwa fidia. Na kitu cha kwanza waliambia wenye magari ni hicho mama amefanya, endesha na ufunguo mmoja peke yake.

Sasa wewe wa Katindo sikiliza. Nemani, yaani kontakti nzima, iko na sehemu mbili. Pale ufunguo unaingia ni chuma. Nyuma yake kuna kisanduku cha plastiki, ndani muko vishaba, ndicho kinagawa umeme. Mara mingi kinachokufa ni hicho cha nyuma, vishaba vinaungua, plastiki inalegea. Usikubali mtu akuuzie nemani nzima na funguo mpya kama chuma kiko muzima.

Lakini pima kwanza. Freni ya mkono, gari kwenye P. Chukua ampuli (balbu) ya volti 12 na nyaya mbili, moja iguse chuma cha injini, nyingine iguse ule waya mdogo wa demareri, mtu azungushe ufunguo mpaka mwisho. Ampuli ikiwaka na demareri imenyamaza, shida iko kwa demareri. Ikikataa kuwaka, panda juu: fizibli (fyuzi), rele (swichi ndogo ya umeme), kontakti. Na kwa sababu ni otomatiki, jaribu pia na gia kwenye N, mguu kwenye freni. Ikikubali kwenye N na inakataa kwenye P, unaonea kontakti bure, ni ile swichi ya gia. Kitu moja watu wanasahau: pima saa INAKATAA. Ukipima saa inakubali utaona kila kitu kizima na utarudi nyumbani na shida yako.

Kijana Birere
Sawa kwa hiyo ya Marekani sikujua. Lakini yote hiyo ya nini? Weka buton ya kuwasha, dakika ishirini imeisha.

Fundi Mabanga
Buton inapeleka umeme ku demareri tu. Kama ON ndiyo imekufa, injini itazunguka bila kuwaka, ukiachilia buton inasimama. Na nimeshaona tablo ilishaungua juu ya mtu alipitisha waya mwembamba bila fizibli.

Shofa Ndosho
Buton yangu iko mwaka wa nne.

Fundi Mabanga
Na fizibli unayo?

Shofa Sake–Goma
Acheni niseme ya 2021. Tarehe 22 mwezi wa tano volkano yetu Nyiragongo ilikuwa imelipuka, siku zote zile tulikuwa tunalala nje juu ya matetemeko, na tarehe 27 asubuhi ikatangazwa watu wahame. Nilikuwa na HiAce ya mazuti (dizeli) ya patron, watu wamejaa mpaka mlangoni, magodoro juu, mama mmoja na mtoto wa siku tatu, udongo unatikisika chini ya magurudumu, nazungusha ufunguo, hakuna taa hata moja. Nikasema tusukume. Wanaume wote wakashuka, tukasukuma, vitesi (gia) ya pili, naachilia ambrayaji (klachi), injini inazunguka lakini haishike. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo watu wakaanza kushusha vitu vyao, wengine wanalia, wengine wanaenda na miguu na watoto mgongoni, barabara yote ya Sake imejaa. Konvoyeri (utingo) wangu alikuwa ananiangalia tu. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka ufunguo ukaanguka.

Kati ya abiria kuna mzee akanisogelea, akaniuliza pole pole, mwanangu, pompi inapata umeme? Sikumuelewa. Akanyanyua kiti cha mbele mwenyewe, akanionyesha juu ya pompi ya mazuti kidude chenye waya moja. Akasema hiki kikikosa umeme mazuti inafungwa, hata musukume mpaka Sake haitawaka. Aling'oa waya wa redio, akaufunga toka chanya ya batri mpaka pale, kidude kikalia tik. Tukasukuma mara moja. Ikashika. Wale walikuwa wameshatembea mbele tukawaokota njiani.

Ile kilomita kama 25 tulifanya masaa na masaa. Pale Mugunga msongamano ulitusimamisha, mzee akashuka kutafuta bibi yake kati ya watu. Sikumuona tena mpaka leo, na jina sikumuuliza. Kila nikigusa kontakti namuwaza.

Mama Mapacha, Himbi
Mungu amubariki yule mzee popote yuko. Sisi siku hiyo tulipanda boti ya Bukavu na nguo za mwilini tu.

Dada Majengo
Sisi tulipitia Gisenyi. Na mtoto wa siku tatu, alifika?

Shofa Sake–Goma
Alifika, na mama yake. Niliwashusha Sake mimi mwenyewe.

Shofa Bukavu, Kadutu
Poleni sana ndugu wa Goma. Mimi naongeza ya usalama. Yangu ilizimika nikiwa nashuka na abiria, volani (usukani) ikawa nzito, freni ikashika mara mbili tatu halafu ikawa ngumu kama jiwe. Konvoyeri akanyoosha mkono kutoa ufunguo ili auchomeke upya, nikamupiga mkono. Gari ikiwa inatembea USITOE ufunguo, volani itafunga. Kanyaga freni kwa nguvu mara moja bila kuachia, shusha vitesi, vuta freni ya mkono kidogo kidogo.

Kijana Birere
Na ufunguo ukiwa unakwama kuzunguka, mwagia oili ndani.

Dada Majengo
Apana, oili inakamata vumbi, na hii vumbi yetu nyeusi munaijua. Saga ncha ya penseli.

Papa Chukudu
Chukudu, kigari chetu cha mbao cha kusukuma, haina kontakti, mukuje tu.

Baba Watatu, Katindo
Aksanti kwa wote. Saa kumi imekatalia tena hapa nyumbani, nikapima hapo hapo. Kwenye N kimya vilevile. Ampuli haikuwaka. Fizibli nzima, rele nimebadilisha na ya honi juu zinafanana, bado. Nikatoa hasi ya batri, nikafungua chini ya volani, kisanduku kinashikwa na vis (skrubu) mbili ndogo tu. Kishaba kimoja cheusi, plastiki imeyeyuka pembeni. Demareri haikuwa na kosa.

Fundi Mabanga
Piga picha ya miguu ya plagi yake mbele ya kwenda kununua, zinafanana na zinadanganya. Na ile batri ya zamani usiitupe.

Baba Watatu, Katindo
Niliiachia fundi wa kwanza. Kesho namufuata.