Tupeane uzoefu: nini kilikusukuma kwenda kupima saratani ya mlango wa kizazi?

Wapendwa, naanza mimi. Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nina miaka 41. Tangazo la upimaji nililiona kliniki kila nilipopeleka mtoto chanjo, nikawa napita tu. Siumwi, nikapime nini? Mwaka jana tukamzika jirani yangu. Alitokwa na damu isiyo ya siku zake miezi mingi, akanywa mizizi akisema tumbo limechafuka. Anafika hospitali, saratani imeshasambaa.

Baada ya matanga nilienda. Nikalala chali, magoti juu. Kile chuma cha kutanulia kilikuwa cha baridi, nikakaza mapaja. Nesi akaniambia, "Dada, vuta pumzi, shusha kiuno." Akapaka siki kwenye mlango wa kizazi, tukangoja kama dakika moja. Chembe hai (seli) za pale zikiwa zimeanza kubadilika, hapo panageuka peupe. Kwangu hapakuwa na doa. Saa nne nilikuwa nimesharudi mezani kwangu.

Mama wa Igoma: Kwangu paligeuka peupe. Nilitetemeka nikijua ndiyo saratani. Nesi akanieleza kuwa bado, ni mabadiliko ya mwanzo yanayoletwa na HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na yakiachwa miaka ndiyo huzaa saratani. Nikafanyiwa tiba mgando, yaani kugandisha kwa baridi kali sehemu iliyobadilika, siku ileile. Majimaji yalinitoka wiki tatu, nikabadilisha pedi kama mzazi. Kazi ikawa kumwambia mume wangu mwezi mzima tusikutane. Aliuliza neno moja, "Utapona?" Sasa ndiye anayenikumbusha tarehe ya kurudi.

Dada wa Nansio: Mimi naishi na VVU. Kule ninakochukulia dawa waliniambia sisi tunapimwa kila mwaka, maana kinga ya mwili ikishuka kirusi cha HPV hukaa kwa urahisi. Nilianza nikiwa na miaka 27. Binti yangu alichanjwa chanjo ya HPV shuleni 2024, dozi moja. Nimeshamwambia akikua naye atapima, chanjo haizuii aina zote za kirusi hicho.

Nyakato: Mimi niliikuta zamu ya kijana wa kiume, nikageukia mlangoni. Mwaka wa pili huu sijarudi.

Mwanzisha mada: Nyakato mdogo wangu, una haki ya kuomba mhudumu wa kike, hata wakikwambia urudi siku nyingine. Nitumie ujumbe, Jumatatu nikusindikize. Vaa gauni pana, ubebe na kitenge cha kujifunika.