Naomba ushauri: mchapaji hataki kusikia habari za profaili ya rangi

Habari zenu wakuu. Mimi ni mpiga picha wa harusi, Dar es Salaam. Skrini yangu naipima kwa kifaa cha rangi kila mwezi, na faili natoa kwa Adobe RGB (mfumo wa rangi wenye wigo mpana), profaili ikiwa ndani, yaani maelezo yanayoonyesha namba za faili zisomwe kuwa rangi zipi. Juzi albamu imerudi kutoka kwa mchapaji: ngozi zimepauka, vitenge vya kijani vya akina mama vimefifia, na wekundu wa hina mikononi mwa bibi harusi umekuwa kama udongo mkavu. Mteja akanionyesha nakala za sRGB (mfumo wa kawaida wa simu na mtandao, wenye wigo mdogo zaidi) nilizomtumia kwenye simu: "Mbona huku zinang'aa?" Iliniuma sana.

Kumbe fundi alitupa profaili alipofungua faili, namba zikasomwa kama sRGB. Nilipomweleza akanijibu kwamba anachapa kwa macho miaka yote na hakuna aliyelalamika.

Je, nimpelekee sRGB tu yaishe, ingawa nitapoteza baadhi ya kijani kilichokolea? Au nidai chapa ya majaribio kila kazi, mteja aisaini kwanza? Gharama yake mnamtoza nani? Na mteja anayeona najitetea tu, mnamwelewesha vipi? Albamu nyingine inatakiwa Ijumaa.